Gari la Watu Saba na Mguu Mmoja

Wiki ya tatu ilipoingia, Mama Sponji aliacha kuomba amani nyumbani kwake, akaanza kuomba uziwi.

"Mungu wangu," alisema huku akitunga uzi kwenye sindano, "kama hawa watoto huwanyamazishi, basi nizibe mimi masikio."

Banda lake la kushona viti vya magari lilishikana na nyumba ukuta kwa ukuta, na dirisha la sebule lilifungukia juu ya cherehani yake. Lolote lililosemwa ndani lilimfikia na uzito wake wote. Na tangu wiki tatu hizo lililosemwa lilikuwa moja tu: magari mawili makubwa yaliyokuwa kwenye yadi ya kuuzia magari, barabara ya juu.

Mwanawe wa kwanza alikuwa fundi wa pampu za maji, lakini mtaa mzima ulimwita Injinia na yeye hakuwahi kuukosoa. Huyu alitaka lile gari jeusi, refu, lenye kifua kama ukuta. Aliliita Jitu. Binti yake wa mwisho, Kitinda, aliyeuza duka la dawa, alitaka lile jeupe lenye paa la kioo. Kaka yake alisema limepambwa kama linaposwa kesho, na toka hapo likaitwa Bibi Harusi. Yote mawili yalikuwa na viti saba katika safu tatu, na wao walikuwa saba kamili: Mama Sponji, Injinia na mkewe na pacha wao wa miaka tisa, Kitinda, na Shangazi.

"Jitu limesimama juu ya chuma," Injinia alikuwa akisema asubuhi ile, na sauti ikapenya dirishani. "Magurudumu yote manne yanavuta. Likikuta shimo, shimo ndilo linaumia."

"Na kituo cha mafuta kinafurahi," Kitinda akajibu. "Hilo halinywi, linaoga. Bibi Harusi linakunywa nusu yake. Lina kamera mbele, nyuma, na ubavuni. Ndani kimya mpaka unasikia saa yako ya mkononi."

"Kimya kwa sababu halina nguvu ya kupiga kelele! Weka watu saba uone litakavyopanda mlima. Litapanda kwa kuomba dua."

"Na lako likiwa na watu saba, yai unaliweka wapi? Safu ya tatu ikisimama, buti hakuna. Nimeona mwenyewe. Hata begi la shule la mtoto mmoja linabanwa na mlango."

"Na lako lina buti?"

"Halina," Kitinda akakiri. "Lakini halina kwa heshima."

Mama Sponji alichomoa sindano kwenye ngozi ya bandia akaitazama kana kwamba ndiyo iliyosema. Mlangoni mwa jokofu lake Injinia alikuwa amebandika karatasi yenye mistari ishirini na miwili: nguvu ya injini, urefu, upana, matairi, taa, vipuri, hata idadi ya mahali pa kuwekea vikombe. Kushoto Jitu, kulia Bibi Harusi. Kila mmoja alikuja na kalamu yake kuongeza alama upande wake. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Yeye aliyewamba ngozi miaka ishirini na mitano alilijua neno hilo kwa vidole, si kwa mdomo.

Katika mistari ishirini na miwili, hapakuwa na hata mmoja unaotaja mguu wa Shangazi.

Na gari lenyewe lilitafutwa kwa ajili ya mguu huo.

Shangazi alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Sponji. Mume alipofariki na kuacha watoto wadogo na banda lenye deni, ndiye aliyehamia na sanduku lake moja, akapika, akaogesha, akachapa inapobidi, ili wifi yake apate kukaa kwenye cherehani. Hakuondoka tena. Mwaka huu aliteleza bafuni akavunja goti. Mfupa uliunga, lakini goti lilikataa kukunjika. Kila Alhamisi alitakiwa kwenda hospitali kukunjwa mguu taratibu na dada wa mazoezi ya viungo, ambaye alishasema wazi: akikosa mwezi mzima, goti litaganda hivyo hivyo mpaka kaburini.

Alhamisi ya mwisho kwenda, walikodi gari refu. Dereva alipoona mama mtu mzima anahangaika mlangoni, akaja nyuma bila kuuliza, akamsukuma kwa makalio, moja, mbili, hop, akamtupa ndani. Watu waliokuwa kwenye foleni ya kliniki walicheka. Dereva hakuwa na nia mbaya. Shangazi alipofika nyumbani alikaa kitandani, akaweka fimbo yake pembeni, akasema: "Mimi si gunia. Siendi tena."

Alhamisi mbili zilikuwa zimeshapita.

"Na Shangazi atapandaje?" Mama Sponji aliuliza kupitia dirishani, kwa mara ya labda thelathini.

"Shangazi atakaa mbele, Mama, hilo tulishapanga," wakajibu wote wawili pamoja. Hilo tu ndilo walilokubaliana.

"Sikuuliza atakaa wapi. Nimeuliza atapandaje."

"Tutaweka kigoda," akasema Injinia.

"Tutamshika mkono," akasema Kitinda.

Kutoka chumba cha uani ikaja sauti ya Shangazi, bila haraka: "Atakayenishika nitampiga fimbo. Semeni mlisikia."

Mama Sponji akashusha mguu wa cherehani kwa kishindo.

Jioni hiyo hiyo mteja mmoja alileta gari la kushonwa upya, ndugu wa Bibi Harusi, la miaka mitano nyuma. Mama Sponji alivua viti kimoja kimoja. Watu wengine husoma magazeti. Yeye husoma viti. Cha dereva kilikuwa kimelika ubavuni, upande wa kushukia. Vya katikati vilikuwa na madoa ya juisi. Vya safu ya tatu alipovifunua alikuta makombo ya biskuti, kalamu ya rangi, jino la mtoto, na mgongoni mwa viti vya mbele yake matundu mawili mawili yaliyochimbwa na magoti. Hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa pale akarudia.

Akamwita Kitinda. Akamwonyesha matundu.

"Mama, hilo ni la zamani," Kitinda akasema. "Jipya wamerekebisha. Kuna video."

"Video ina magoti?"

"Mama jamani!"

Akamwita Injinia, akamwonyesha. Injinia akacheka mpaka akashika ukuta. "Si nilisema? Sasa safu ya tatu ya Jitu..."

"Umeikalia?"

"Nimeiona."

"Umeikalia?"

"Mama, gari unalipima kwa injini!"

Hapo subira yake ilifika ukingoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa walikuwa wanataka kununua kitanda kwa kusoma karatasi ya jokofuni. Hakugomba. Aliosha mikono, akasali sala yake kwa kirefu kuliko siku zote, kisha akatoka na kusema: "Jumamosi tunakwenda yadi. Sote watatu. Na mimi nitabeba vyangu."

Vyake vilikuwa mkoba wa turubai. Hawakuuliza ndani mna nini. Hawakuuliza mengi watoto wale, ila kila mmoja kumuuliza mwenzake kama ana akili.

Mwenye yadi alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani mikubwa na ulimi uliopakwa mafuta. Aliwapokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Mama yangu, karibu! Magari haya, watu wazima saba wanakaa kwa raha zao. Kama sebuleni!"

"Wewe umewahi kukaa nyuma kule?" Mama Sponji akamuuliza.

"Mimi? Mimi ni muuzaji, Mama."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Kisha akafungua mkoba. Akatoa fito mbili za mbao zilizopigwa msasa na mikanda miwili ya turubai, ile inayofungwa chini ya sponji za viti. "Injinia, mwanangu. Njoo hapa. Nyoosha mguu."

"Wa nini?"

"Nyoosha."

Kuna sauti ya mama ambayo hata mtu mwenye pacha huitii kabla hajafikiri. Injinia alinyoosha. Ufito mmoja ndani, mmoja nje, mkanda juu ya goti, mkanda chini ya goti, na fundo la kazini ambalo halifunguki kwa kuombwa. Mguu ukawa kama mlingoti.

"Mama, watu wanatazama," akanong'ona.

"Na Shangazi yako walimtazama. Haya. Panda Jitu lako."

Injinia alikuwa mrefu, na bado kiti cha Jitu kilimfikia juu ya kiuno. Shangazi kingemfikia mbavuni. Alijaribu kupanda kwa mguu mzima kwanza. Ule uliofungwa ukabaki nje umenyooka kama fimbo ya mchunga. Akajaribu kwa kurudi kinyumenyume. Makalio yakagonga ubavu wa kiti. Akashika mpini wa juu ya mlango, akaning'inia, akazunguka kidogo kama nguo kwenye kamba. Jasho likamtoka.

"Subiri, bosi, nikusaidie," akasema mwenye yadi kwa moyo mweupe kabisa, akaja nyuma, akaweka mabega, akamsukuma kwa makalio. Moja, mbili, hop.

Vijana wawili waliokuwa wakiosha magari wakaacha matambara wakacheka. Kitinda alicheka mpaka akachuchumaa.

Injinia alikaa juu kule, mguu umetokeza nje ya mlango, uso umebadilika.

"Ndivyo alivyofanywa?" akauliza.

"Ndivyo hivyo. Na yeye ana miaka sabini, na hakuna aliyemwita bosi."

Injinia akautazama usukani mzuri wa Jitu. "Nishusheni," akasema.

"Wewe unayecheka," Mama Sponji akamgeukia Kitinda, "leta mguu."

Bibi Harusi lilikuwa na habari nyingine. Kiti chake kilikuwa kwenye kimo cha makalio ya mtu, si juu si chini; Kitinda alirudi kinyumenyume akakaa kama anayekaa kwenye benchi. "Mnaona?" akasema. "Mnaona?" Lakini kugeuka ndiyo ilikuwa kazi. Ukingo wa kiti uliinuka kama tuta upande wa mlango na ukamkamata paja. Alipolivuka tuta kwa kuvuta suruali yake, kisigino kikagonga nguzo ya mlango. Mama Sponji akasukuma kiti nyuma kwenye reli zake mpaka mwisho, ndipo mguu ukapita chini ya dashibodi, barabara, bila kugusa kitu. Lakini kiti kile kilichorudishwa kikawa kimekigandamiza kiti cha nyuma yake. Hapo hata paka asingekaa.

"Sita," akasema Mama Sponji.

"Saba, Mama," akasema mwenye yadi upesi. "Hicho cha katikati nacho unakirudisha nyuma kidogo, na wa safu ya tatu bado wanakaa kwa raha. Watu wazima!"

"Ingia."

"Eeh?"

"Ingia ukae. Uniambie raha yake."

Mwenye yadi aliwaangalia waosha magari, akaona hana pa kutokea, akakunja kiti cha katikati, akainama, akatambaa mpaka safu ya tatu. Mama Sponji akakirudisha kiti kwa mkono mmoja. Kikafunga: kwa! Magoti ya mwenye yadi yakapanda mpaka kwenye miwani.

"Raha?" akauliza.

"Si mbaya sana," ikasikika sauti iliyobanwa. "Kwa safari fupi. Sasa nifungulieni."

"Jifungulie."

Alipapasa kulia. Alipapasa kushoto. Mtu aliyeuza magari ya namna ile wiki kwa wiki hakujua kishikizo cha kutokea kiko wapi, maana hakuwahi kuingia. Mama Sponji alikijua. Alishashona viti vya ndugu zake visivyo na idadi. Alivuta pumzi tatu kwanza, Mungu amsamehe, kisha akakifungua.

Wakasimama wote watatu kati ya magari mawili, na Kitinda bado ana fito mguuni. Sasa hakuna aliyebishana, na huo ukimya nao ukamkera Mama Sponji. Wiki tatu za kelele, na jibu ni kwamba hakuna gari. Jitu linabeba saba na kumwacha Shangazi nje. Bibi Harusi linamchukua Shangazi, likitaka, na kumwacha mtu mwingine nje, na lile tuta lake bado litamkamata paja mama wa watu kila Alhamisi kama polisi.

Akaliminya tuta kwa kidole gumba, kwa hasira tu. Sponji. Sponji ngumu ya vidole vinne, na chini yake waya, na chini yake bamba. Mgongo wa kiti hauguswi, pale ubavuni pana mfuko wa hewa wa ajali. Lakini kikalio?

Mkono ukasimama pale pale.

"Ee Mungu," akasema taratibu. "Nipigeni kofi."

"Nini tena, Mama?"

"Fundi wa viti nimekaa wiki tatu nalalamikia kiti! Nawaona ninyi vipofu, kumbe naongoza msafara." Akatoa chaki mfukoni, akachora mstari mweupe ukingoni mwa kile kiti kipya kabla mwenye yadi hajafungua mdomo. "Hapa nakata. Hapa nalaza. Hapa naweka ngozi laini inayoteleza, si hiki kitambaa chenye meno. Atakaa, atateleza, atageuka. Hakuna mkono wa mtu."

"Mama, gari hujalinunua bado!" akalia mwenye yadi.

"Chaki inafutika. Wewe acha nifikiri."

"Lakini tutakuwa sita," akasema Kitinda, na safari hii alisema kwa unyonge, kwa sababu alijua gari lililoshinda ni lile alilolitaka yeye. "Saba ilikuwa maana yote ya gari hili."

Injinia alikuwa akilitazama Jitu kama mtu anayeaga. Akatoa ile karatasi ya mistari ishirini na miwili mfukoni, maana alikuwa ameibandua jokofuni kuja nayo, akaikunja mara nne, akairudisha.

"Mimi nina pikipiki," akasema. "Nitawafuata nyuma. Ila mkikwama kwenye tope, msinipigie."

"Tutakupigia," akasema Kitinda. "Utakuja kusukuma. Kusukumwa umeshajifunza."

"Nifungue hizo fito nimpige mtu," Injinia akasema, akiwa amesahau kwamba fito ziko mguuni mwa dada yake.

Gari lilifika nyumbani Jumatatu. Jumanne na Jumatano Mama Sponji hakupokea kazi ya mtu. Alitoa kikalio cha kiti cha mbele, akakata tuta kwa kisu kirefu kidogo kidogo, akikaa, akigeuka, akishuka, akikata tena, mpaka hata yeye mwenye mapaja yake aliteleza kama samaki kwenye sinia. Alishona ngozi nyeusi laini, mshono ukitazama ndani ili usimkwaruze mtu. Pacha walitaka kujaribu. Akawafukuza mara nne, mara ya tano akawaacha.

Alhamisi asubuhi gari lilisimama mbele ya mlango. Hakuna aliyemwita Shangazi. Mama Sponji alikuwa amewakataza. Alifungua tu mlango wa mbele, akarudisha kiti mpaka mwisho wa reli, akaingia bandani akajifanya anatafuta mkasi.

Fimbo ikasikika ukumbini. Tok. Tok. Shangazi akatokea amevaa nguo zake za kutokea, na kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Kwa hiyo alikuwa amejiandaa tangu alfajiri, na hakusema.

"Msinishike," akasema.

Injinia aliyekuwa karibu na pikipiki yake aliweka mikono nyuma. Mkewe akawashika pacha mabegani. Kitinda alikaa kwenye usukani, macho mbele, kama anayefanya mtihani.

Shangazi aliligusa gari kwa fimbo, kwanza gurudumu, kisha mlango, kisha kile kiti. Aliusukuma ukingo mpya kwa kidole. Akamtafuta wifi yake kwa macho, akamwona nyuma ya cherehani.

"Wifi. Huu ni mkono wako."

"Kaa kwanza, wifi. Kusifu baadaye."

Akageuka, akarudi kinyumenyume, akakaa. Akashika paja lake la mguu mbovu kwa mikono yake miwili, yake mwenyewe, akauinua kidogo. Akateleza. Kisigino kilipita nguzo ya mlango kwa upana wa vidole viwili, kikatua ndani. Akaweka fimbo katikati ya magoti. Akavuta mkanda. Mlango akaufunga mwenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa.

Mke wa Injinia akawaachia pacha mabega.

Mama Sponji aliinamia mkasi ambao haukuwa umepotea, akasema maneno machache ya shukrani, ambayo si ya watu. Kisha akajifuta uso na kona ya kanga, akatoka kwenda kukaa nyuma na wajukuu.

Kioo cha mlango wa mbele kikashuka.

"Na hili dirisha la juu ni la nani?" Shangazi akauliza. "Jua linanipiga utosini. Gari zima hili, kamera tatu, mmeshindwa kununua lenye paa?"

"Shangazi, lina pazia lake, unabonyeza..." Kitinda akabonyeza. Pazia likatoka, jembamba kama chachi ya kidonda. Jua likapita kama kawaida.

"Hilo ni pazia au chujio la chai?"

Injinia, juu ya pikipiki, alitazama mbinguni na kusema kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Jitu lilikuwa na paa la chuma. Mstari wa kumi na saba."

"Nyamaza wewe!" wakasema wanawake wanne kwa pamoja.

Mama Sponji alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Alitoa futi yake ya kupimia, akamkabidhi pacha mmoja ncha moja, akamwambia aishike pale kioo cha paa kinapoanzia, na asiiachie hata gari likiondoka.